Maziwa Hayaoshi Salfa: Ushauri wa Mitaani Mtwara na Lindi Unaohitaji Kusahihishwa

Mikorosho ikianza kutoa maua, kati ya mwezi wa sita na wa tisa, alfajiri za Tandahimba na Newala hunuka salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa mikoroshoni. Umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, unga hushika vizuri, basi vijana huwasha pampu kabla jua halijachomoza. Wanapambana na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Na kila msimu ukifika, ushauri ni uleule: ukimaliza kupuliza, kunywa maziwa, yanaosha kifua.

Ushauri wa namna hii ni mwingi huku kusini, na sidhani umezaliwa na ujinga. Mara nyingi mtu ameona jambo la kweli kabisa, ila chanzo chake akakikosea.

"Maziwa yanaosha kifua"

Koo linalowasha kwa vumbi hupata nafuu ukinywa kitu laini, na maziwa ni laini. Hiyo ni kweli. Lakini maziwa hushuka tumboni, na salfa uliyoivuta imeshaingia njia ya hewa. Kunywa lita nzima ukitaka, hakuna tone litakalofika kwenye mapafu. Upande wa viuatilifu vya maji ndiko kwenye hatari zaidi. Mtu akivimeza kwa bahati mbaya, kumnywesha maziwa au kumtapisha kwa nguvu ni kumchelewesha, na kwa baadhi ya dawa ni kumwongezea madhara. Mkimbize hospitali na uende na chombo cha dawa chenye lebo yake, ili daktari ajue anapambana na nini.

Kinga ya kifua ni barakoa inayobana vizuri usoni, siyo kitambaa kilichofungwa ovyo puani. Ongeza miwani, mikono mirefu na buti. Puliza upepo ukiwa mgongoni kwako. Usitafune muhogo katikati ya kazi kabla hujanawa. Ukirudi nyumbani oga kwa sabuni kabla hujambeba mtoto, na nguo za kupulizia zisiingie beseni moja na sare za shule.

Halafu kuna ile mifuko mitupu. Ni migumu, mizuri, haichaniki, kwa hiyo nyumba nyingi huihifadhia makopa au mahindi. Wanasema wameikung'uta. Kuikung'uta hakutoshi, unga hubaki katikati ya nyuzi. Usiweke humo chochote kitakachoingia mdomoni.

"Kinywaji cha nguvu kinafuta usingizi"

Bodaboda wa usiku wanakiamini, na wapakiaji wa ghalani wakati wa minada pia. Kinachokuamsha ndani ya ile chupa ni kafeini na sukari, basi. Kafeini huuzuia ubongo usiisikie ishara ya uchovu, na uchovu wenyewe unabaki palepale ukisubiri. Saa tano hivi baadaye, nusu ya kafeini hiyo bado inazunguka mwilini, ndiyo maana anayeinywa saa tatu usiku hujigeuzageuza kitandani hata akipata nafasi ya kulala. Kama kazi ni ya usiku, dakika ishirini za kusinzia kwenye jamvi kabla ya zamu zina faida kuliko chupa mbili. Kulala mchana watu wa huku huita uvivu. Kwa joto la Lindi mjini mwezi wa kumi na mbili, mtu aliyeamka saa kumi alfajiri akajilaza saa nane mchana ana akili timamu kuliko wanaomcheka.

"Aliyezoea moshi wa korosho haumdhuru"

Msimu wa mavuno pita uani kwa watu. Karai lililotobolewa au kipande cha debe kiko juu ya mafiga, korosho zinatokota kwa mafuta yake zenyewe, ghafla moto unazipanda. Zinamwagwa chini, zinafukiwa mchanga, kisha watoto wanakaa kuzibangua kwa jiwe huku vidole vikiwa vyeusi. Harufu yake ni tamu mno, na ndani ya harufu hiyo kuna mvuke wa mafuta ya ganda, yenye asidi inayochubua ngozi na kuwasha macho na mapafu. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, ndiyo maana hata utomvu wa embe bichi huchubua midomo. Mtu anayesema amezoea, mwangalie viganja. Kilichozoea ni pua yake tu.

Majivu ambayo bibi zetu hupaka mikononi kabla ya kubangua ni ujuzi halisi, maana hunyonya mafuta yasigande kwenye ngozi. Glavu ni bora zaidi. Chomea mahali pa wazi, watoto wakae upande usioelekea moshi. Mafuta yakikurukia, osha kwa sabuni na maji mengi mapema.

Na kama umeungua moto, iwe kwa karai la korosho, chai au mafuta ya maandazi, acha dawa ya meno kwenye mswaki. Ubaridi wake ni wa dakika chache, kisha inakauka juu ya kidonda, inafunga joto ndani na kumpa muuguzi kazi ya kuibandua. Unga, yai na mafuta ya kula navyo ni hivyohivyo. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Barafu hapana. Lengelenge usilitoboe. Kama nyumba haina bomba, mtu mmoja amimine kwa kata taratibu kutoka kwenye ndoo.

Kuhusu kula korosho: wanaoogopa kwamba zinajaza kolestro wanaogopa kisichokuwepo, maana hakuna chakula cha mmea chenye kolestro. Mafuta yake mengi ni ya aina isiyodhuru moyo. Cha kuangalia ni chumvi, hasa kwa wenye presha, na wingi, kwa kuwa gramu 100 zina kalori 550 hivi. Kiganja kimoja kwa siku kinatosha. Na bibo, lile tunda laini linaloshika korosho, ambalo wengi hulitupa au kulifikiria kwa ajili ya pombe tu, lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Ule ukakasi hupungua ukilikatakata na kuliloweka kidogo kwenye maji ya chumvi.

"Bei ya mnada ndiyo hela yangu"

Hii haimo kwenye vitabu vya afya, lakini sijui kitu kinachowakosesha watu usingizi zaidi yake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulipoanza Mtwara mwaka 2007, bei hutangazwa mnadani na kila mtu huizidisha kwa kilo zake hapohapo. Kinachoingia benki ni pungufu. Kuna makato ya chama cha msingi cha ushirika, chama kikuu, usafirishaji, ghala na halmashauri, tena malipo hayaji siku ileile. Mwenye kupiga hesabu kwa bei ya juu huanza kukopa dukani kwa fedha ambayo haipo. Uliza chamani makato ya msimu huu ni kiasi gani kwa kilo, yatoe, ndipo uanze kupanga bati, ada na ngoma.

Imani inayofanana nayo ni kwamba mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho nje ya mnada, ni mkombozi. Anakuja na hela taslimu mtoto akiwa anaumwa, ni kweli. Anaondoka na korosho zako kwa bei aliyoipanga mwenyewe, nje ya sheria. Nyumba zinazoweza kumkatalia ni zile zenye ufuta au mbaazi zilizouzwa miezi ya nyuma, hata gunia moja, fedha yake ikawekwa pembeni kwa ajili ya dharura.

"Gesi ya mtungi ni ile yetu ya Msimbati"

Mama mkubwa mmoja wa Chuno, hapa Mtwara mjini, aliwahi kunihoji: "Mwanangu, gesi inatoka hapo Msimbati, mbona mtungi tunauziwa ghali kama watu wa Dodoma?" Swali la haki kabisa, hasa kwa mtu aliyeziona ghasia za Mtwara za 2013, watu walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Jibu ni kwamba hizo ni gesi mbili tofauti.

Gesi ya Msimbati, yaani ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ni methani. Husafishwa Madimba, huzalisha umeme, huendesha kiwanda cha saruji cha Dangote, na tangu 2015 husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Ya mtungi ni propani na butani, na sehemu kubwa huletwa nchini kwa meli. Mtungi wa mama mkubwa umesafiri mbali kufika Chuno.

Tofauti hii si ya bei peke yake. Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi ni nzito, ikivuja hushuka na kutanda sakafuni. Kwa hiyo anayenusa gesi akafungua dirisha la juu na kuridhika, ameiacha imelala miguuni pake. Fungua mlango hadi chini. Funga kichwa cha mtungi, usiwashe wala kuzima taa, usiguse kiberiti, toa watoto nje. Ile harufu mbaya imewekwa kwa makusudi, kwani gesi yenyewe hainuki, basi usiizoee.

Kujua kama mpira unavuja hakuhitaji fundi. Koroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha maji hadi itoe povu, pakaza kwenye regulata na kwenye maungio ya mpira, fungua gesi bila kuwasha jiko, kisha tazama kwa utulivu. Povu likianza kuvimba vipovu vipya mahali pamoja, hapo ndipo panapovuja. Usijaribu kamwe kwa kiberiti, ingawa wapo wanaofanya hivyo na kujisifu.

Na ule mtindo wa kulaza mtungi gesi ikikaribia kuisha, ili "itoke yote"? Ndani ya mtungi gesi imekaa kama kimiminika, na inayotakiwa kutoka ni ya juu, iliyogeuka hewa. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regulata na moto unaweza kuruka ghafla. Uache umesimama, ukiisha umeisha.

Wa mkaa nao wasijione wamepona. Newala baridi ya Julai ikiuma, jiko huingizwa chumbani kwa hoja kwamba mkaa umeshashika, hauna moshi tena. Moshi hauna, ila hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi unayo, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa. Jiko libaki nje, ndani ongezeni blanketi.

"Maji ya mvua ni safi, yametoka mbinguni"

Juu ya uwanda wa Wamakonde maji ni ya shida tangu zamani. Udongo hunyonya mvua, mito iko mabondeni, na nyumba nyingi hutegemea maji ya kwenye bati. Mvua yenyewe ni safi kweli. Bati ndilo lenye vumbi la miezi saba ya kiangazi, kinyesi cha ndege na majani. Mvua ya kwanza iache ipite, ioshe paa. Yanayofuata kinga, na ya kunywa chemsha hadi yatokote kwa nguvu, yapoe yakiwa yamefunikwa. Kuyachemsha kisha kila mtu akachovya kikombe chake kwenye ndoo ni kuni zilizopotea bure. Tumia ndoo yenye bomba.

Kwa wanaosafisha vyoo: jiki na dawa kali ya choo usizichanganye kwa kutaka zing'arishe zaidi. Hutoa hewa ya klorini inayobana kifua papo hapo. Tumia moja, suuza, ndipo nyingine kama kuna haja.

"Embe zinaleta malaria"

Zinaiva mwishoni mwa mwaka, mvua inaanza, watoto wanashinda chini ya miembe, na homa zinajaa zahanati. Mtu akiunganisha hayo si mjinga. Lakini mvua hiyohiyo hujaza madimbwi, na humo hukua viluwiluwi vya mbu. Malaria huletwa na kimelea kinachosafirishwa na mbu jike wa anofelesi, na baada ya kuumwa huchukua wiki moja au zaidi kabla homa haijatokea. Embe la jana halina kosa hapo, ingawa embe lisilooshwa linaweza kukuharisha.

Mtwara na Lindi zimo kwenye mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo kosa la kutaja chanzo hapa lina gharama. Mzazi anayekataza embe huona ameshakinga, chandarua kikabaki kimekunjwa kabatini kwa sababu ya joto. Kitandike kila usiku, hata kwa mgeni, hata kwa wanaolala barazani. Fukia madimbwi ya uani. Mtoto akipata homa, apimwe kwanza siku hiyohiyo au kesho yake. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu la kidoleni na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Akikutwa na malaria akapewa dawa ya mseto, ameze dozi zote za siku tatu. Zile mbili za mwisho ambazo watu huweka akiba kwa ajili ya mdogo wake hazimtibu huyu wala yule.