Mirathi ikifika kwenye panga: yanayosemwa Malindi na sheria ilivyo

"Hayo ni ya nyumbani, wazee watayamaliza."

Hii ndiyo inayoumiza wengi. Wazee wana nafasi yao, na ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua usuluhishi wa kimila, ila inaukataza kuvunja haki za mtu. Wazee wakae na familia wapatane nani achukue minazi ya upande gani. Jeraha la panga si lao kulifuta kwa mbuzi wa sulhu. Kupiga ni jinai, hata aliyekupiga akiwa ndugu yako wa tumbo moja.

Ripoti kituoni, uandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na upewe nambari. Omba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, kisha nenda hospitali ya serikali ukajaziwe. Fomu hiyo haiuzwi. Nenda siku hiyo hiyo, maana kidonda kikipona ushahidi umepungua. Askari akikwambia "hiyo ni kesi ya shamba, nenda kortini", mjibu kwamba umekuja kuripoti kupigwa, shamba lina siku yake. Akishikilia, omba kumwona OCS, mkuu wa kituo.

"Sisi Waislamu, Kadhi ataamua yote."

Kadhi husikiza ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi, pande zote zikiwa za Waislamu na zimekubali mahakama yake. Jinai haimo. Kwa hiyo dada anayetishwa na kaka zake anaweza kudai fungu lake kwa Kadhi na wakati huo huo kumwomba hakimu amri ya ulinzi, chini ya sheria ya 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani. Amri ya muda inaweza kutolewa hata kabla kaka hawajaitwa.

"Mtoto mkubwa wa kiume ndiye msimamizi."

Siyo, mpaka mahakama impe hati. Barua ya chifu inawataja warithi tu, haimpi mtu shamba. Anayeuza au kuteka mali ya marehemu bila idhini anavunja kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi: faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

"Mzee akiitwa mchawi, dawa ni kuhama."

Kaunti ya Kilifi imezika wazee waliouawa kwa kisingizio cha uchawi huku kinachotakiwa ni ardhi. Inauma sana. Sheria ya Uchawi yenyewe inafanya kumzushia mtu uchawi kuwa kosa. Neno hilo likisikika, hata kwa utani wa matangani, andika nani alisema, lini na mbele ya nani, kisha ripoti kabla panga halijainuliwa. Mzee akihamishwa kwa usalama wake, hilo halimwondolei haki ya shamba.

"Bila pesa ya wakili huna kesi."

Kesi ya kupigwa huendeshwa na mwendesha mashtaka wa serikali, humlipi. Kwa mirathi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa kwa wasiojiweza. Na ukihitaji kuelekezwa usiku wa manane, piga 1195, simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure.