Dirisha kubwa si dawa ya joto

Chumba kikiwa na joto, wengi hushauri dirisha lipanuliwe. Lakini hewa haiingii vizuri mahali isipokuwa na pa kutokea. Dirisha moja, hata liwe la mita 3, huburudisha sehemu iliyo karibu nalo tu. Tena likiwa la kuteleza, hufunguka nusu. Nusu nyingine ni kioo kinachopitisha jua.

Kanuni ya makadirio wanayotumia wasanifu majengo ni hii: chumba chenye matundu upande mmoja hupata hewa hadi kina cha takriban mara mbili ya kimo cha dari, na chenye matundu pande mbili zinazokabiliana hadi mara tano. Kwa dari ya mita 3, ni mita 6 dhidi ya 15. Kwa hiyo ligawe dirisha lile lile kuwa mawili. La upande wa upepo liwe chini, usawa wa aliyeketi au aliyelala, kwa kuwa upepo wa juu ya kichwa haumpozi mtu. La kutokea liwe juu, maana hewa moto hupanda. Kama hewa hutokea kupitia mlango wa ndani, ukifungwa njia hukatika, hivyo acha tundu juu yake. Wavu wa mbu nao hupunguza upepo. Ongeza ukubwa wa tundu kufidia.

Kioo kinachotazama magharibi ni balaa. Jua la alasiri huwa chini, hupenya chini ya kivuli cha paa. Weka vibao vya wima kwa nje. Pazia la ndani huzuia mwanga, ila joto limeshaingia.