Kigimbi kinapobana usiku: maswali ya akina mama wa Moshi

Shikamoo daktari. Usiku wa manane kigimbi kinakaza kama jiwe, napiga kelele hadi watoto wanaamka. Nifanyeje?

Marahaba mama, pole sana. Keti kitandani, nyoosha goti, shika vidole vya mguu uvivute taratibu kuja kwako. Mkono haufiki? Pitisha khanga chini ya unyayo, shika ncha zote mbili, vuta. Misuli ikianza kuachia, ikande. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika chache, ingawa asubuhi unaweza kuchechemea.

Inasababishwa na nini?

Mara nyingi sababu haijulikani. Huwapata zaidi waliovuka miaka 50, wajawazito, na anayeshinda amesimama, tuseme muuza nguo pale Kiboriloni. Kisukari, ugonjwa wa figo na baadhi ya dawa, zikiwemo za presha zinazokojoza sana, huchangia pia. Tafadhali usiache dawa mwenyewe. Zungumza na aliyekuandikia.

Nizidishe mtori? Wanasema ndizi zinatibu.

Kula, ni chakula kizuri. Ila hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ndizi huzuia tatizo hili, na mwenye figo zilizochoka anaweza kudhurika kwa potasiamu nyingi, madini yaliyomo kwenye ndizi.

Jirani amenipa kwinini.

Usiinywe, nakuomba. Ni kweli inaweza kupunguza kubana kidogo, na ndiyo maana zamani ilitolewa sana. Lakini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha chembe zinazogandisha damu, mtu akavuja damu vibaya. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya tena isitumike kwa kazi hii. Kwinini ni ya malaria.

Basi nizuieje?

Kabla ya kulala, simama ukitazama ukuta, viganja ukutani, visigino chini. Egemea mbele hadi uhisi kigimbi kinavutika, hesabu hadi 10, rudia mara tatu. Utafiti wa Uholanzi wa 2012 ulionyesha kuwa wenye zaidi ya miaka 55 waliojinyoosha kila usiku walibanwa mara chache zaidi. Hakuna gharama, kwa hiyo mimi huanzia hapo.

Ni lini nije hospitali?

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma mfululizo, hasa baada ya kujifungua, kulazwa au safari ndefu ya basi kutoka Dar, njoo siku hiyohiyo: huenda damu imeganda kwenye mshipa. Ukipata pia upungufu wa pumzi au kifua kuuma, usisubiri kukuche.