Mshahara si hela iliyobaki kwenye droo

Mshahara ni malipo yaliyokubaliwa kabla ya kazi: kiasi kinajulikana, siku ya kulipwa inajulikana, na hutolewa iwe biashara imechangamka au imelala. Maana ndiyo hiyo, na ningeishia hapo kama si sentensi moja ninayoisikia mno kwa wenye biashara ndogo. Mara ya mwisho niliisikia kwa fundi cherehani aliyeniomba nimpitilie daftari lake. "Mimi sijilipi mshahara," akasema, "ndiyo maana faida yangu ni nzuri." Hatukumaliza ukurasa wa pili, nikamsikia tena: "Hiyo faida ndiyo mshahara wangu."

Sentensi mbili, mdomo mmoja, na haziwezi kuwa kweli zote mbili. Kama faida ndiyo mshahara wake, basi anajilipa, na faida bado haijapatikana.

Daftari lenyewe lilikuwa safi. Upande wa kushoto mauzo, upande wa kulia matumizi: kitambaa, uzi, zipu, vifungo, pango, umeme, na malipo ya kijana anayepiga pasi. Kila kitu kina tarehe na kiasi. Ila pembeni kabisa, nje ya mistari, kila baada ya siku mbili tatu kulikuwa na neno moja kwa penseli: "zangu". Halikuwa na tarakimu. Mahali pengine aliandika "zangu tena". Ndizo hela alizochota kwenye droo kwa mahitaji ya nyumbani. Uzi wa kushonea una hesabu yake, kijana wa pasi ana hesabu yake, na mtu anayekaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa ana neno moja la penseli.

Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba tatizo limeanzia kwenye neno.

Mshahara tumeutoa katika Kiarabu, mushahara, linalotokana na shahr, yaani mwezi. Ni mapatano ya mwezi kwa mwezi: nyumba hukodishwa hivyo, na mtu huajiriwa hivyo. Lina ndugu yake, muyawama, kutoka yawm, siku, ambalo ni mapatano ya siku kwa siku. Sisi tulilichukua la mwezi tukaliacha la siku. Ile mu- ya mwanzo ikasikika masikioni mwetu kama m- ya mti na mkate, neno likaingia ngeli hiyo, na ndiyo maana leo tunasema mishahara kama tunavyosema miti. Herufi zilezile za shina, sh-h-r, ndizo zilizotupa neno mashuhuri, kitu kinachojulikana na watu wote. Sisemi kwamba maana ya moja imetoka kwa lingine hapa kwetu, lakini nafurahi kila ninapoyaweka pamoja, kwa sababu alama kubwa ya mshahara ni kwamba unajulikana mapema.

Kwa kazi ya kutwa tuna neno tuliloliunda wenyewe, kibarua, na hilo nalo lina picha ndani yake. Ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku kuonyesha kwamba siku ile alikuwepo na alifanya kazi, ili akitoe wakati wa malipo. Jina la karatasi likahamia kwenye kazi, kisha likamganda mtu mwenyewe. Hata leo, mtu akiachishwa kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi, ingawa alikuwa na ofisi na meza.

Juu ya yote hayo kuna ujira, neno pana kuliko mengine, kutoka shina la Kiarabu a-j-r. Shina hilo ndilo lililozaa ajira, mwajiri na mwajiriwa. Kila mshahara ni ujira, lakini si kila ujira ni mshahara. Anayelipwa kwa siku anapata ujira, na anayelipwa kwa kila gauni aliloshona vilevile. Posho na marupurupu ni nyongeza pembeni, na kamisheni ni sehemu ya mauzo. Sitakaa sana hapo, maana watu wengi huyatofautisha vizuri wanapozungumza juu ya kazi ya mtu mwingine.

Wanapotea wanapozungumza juu ya kazi yao wenyewe. Na hapa naona neno la kulaumiwa zaidi ni faida. Nalo ni la Kiarabu, fa'ida, manufaa, na kwetu limebaki pana vilevile: tunasema faida ya kusoma, faida ya kulala mapema, faida ya kuwa na jirani mwema. Kitu chochote chema kinachobaki mkononi ni faida. Katika Kiarabu cha benki siku hizi, fa'ida imekwenda mpaka ikawa riba ya mkopo, na faida ya mfanyabiashara wanaiita ribh. Sisi neno hilo moja tunalitumia kwa manufaa yoyote na kwa ziada ya mfanyabiashara pia. Kwa hiyo fundi akihesabu hela jioni na kuona zimebaki, ulimi wake unamletea neno lililo karibu, faida, na halimwambii kwamba sehemu kubwa ya hela hizo ni malipo ya mikono yake.

Tofauti yenyewe ni fupi. Mshahara hupangwa kabla, faida hujulikana baada. Mshahara ni malipo ya kazi, faida ni malipo ya mtaji na ya kukubali hatari kwamba huenda mambo yakaharibika. Mshahara ni gharama kama pango na umeme. Faida ni kile kinachobaki gharama zote zikishatoka, mshahara ukiwa mmojawapo. Mtu anaweza kupata vyote viwili, na mwenye biashara ndogo anastahili vyote viwili. Lakini hela ileile haiwezi kuhesabiwa mara mbili.

Hili si jambo la leo. Adam Smith, Mskoti aliyeandika juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776, alitoa mfano wa mtunza bustani anayelima bustani yake kwa mikono yake mwenyewe. Mtu huyo, alisema, ni watu watatu ndani ya mwili mmoja: mwenye ardhi, mkulima mwenye mtaji na kibarua. Mazao yake yangepaswa kumlipa pango la wa kwanza, faida ya wa pili na ujira wa wa tatu, lakini kwa kawaida yote huitwa jasho lake tu. Kwa mtunza bustani huyo kosa ni kuita kila kitu ujira, ilhali fundi wangu anakosea kwa kuita kila kitu faida. Hesabu zimechanganyika vilevile.

Mfano wake wa pili unatugusa zaidi. Alimtaja mwenye duka dogo katika mji mdogo wa bandari, ambaye juu ya mtaji wa pauni 100 anaonekana kupata faida ya asilimia 40 au 50, wakati mfanyabiashara mkubwa wa jumla, mahali palepale, kwa mtaji wa pauni 10,000, hafikishi kwa urahisi asilimia 8 au 10. Je, yule mdogo ni hodari kuliko mkubwa? Hapana. Mwenye duka dogo lazima ajue kusoma, kuandika na kupiga hesabu, ajue bei na ubora wa bidhaa za aina nyingi na mahali pa kuzipata kwa bei nafuu. Toa malipo ya ujuzi na kazi hiyo kwenye ile asilimia 50, na kinachobaki hakipiti sana faida ya kawaida ya mtaji. Sehemu kubwa ya kilichoitwa faida ilikuwa ujira uliovaa nguo za faida. Karne mbili na nusu zimepita, na daftari nililolishika lingeweza kuwa la huyo mwenye duka.

Basi tulikaa na fundi tukafanya hesabu yake upya. Katika kila 100 iliyoingia, 55 ilikwenda kwenye kitambaa, uzi na vitu vya kushonea, na 15 kwenye pango, umeme na kijana wa pasi. Ikabaki 30, ile aliyokuwa akiiita faida nzuri. Nikamuuliza: ukiugua miezi miwili, ukatafuta fundi wa kiwango chako akae kwenye cherehani hii saa zilezile, utamlipa kiasi gani? Alifikiri kwa muda mrefu, akataja kiasi kilichokuwa sawa na 26 katika kila 100. Faida yake, basi, ni 4. Si hasara, na si jambo la aibu. Biashara nyingi ndogo ziko hapo. Lakini mtu anayejua faida yake ni 4 hakubali kupunguza bei kwa 10 ili kumfurahisha mteja, na alikuwa akikubali. Hachukui mkopo akitegemea kuulipa kwa ile 30, na alikuwa karibu kuuchukua.

Kuna upande mwingine wa kosa hili, na huo unaniuma zaidi, kwa sababu unamwangukia asiye na daftari. Ni pale mwajiri anapowaambia wafanyakazi: "Mwezi huu biashara haikwenda vizuri, mshahara tuvumiliane." Mwezi biashara ilipokwenda vizuri hakuwaambia wagawane ziada. Aliyekubaliana mshahara amekubali kupata kidogo kinachojulikana ili asibebe hatari. Ukimfanya abebe hasara, umemgeuza mbia bila kumpa hisa. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, juu ya ulinzi wa ujira, unasema malipo yatolewe kwa vipindi vya kawaida, yafike kwa mfanyakazi mwenyewe, na biashara ikifilisika, wafanyakazi wawe wadai wa kupewa kipaumbele. Mantiki yake ni ileile iliyomo ndani ya neno: kilichojulikana mapema hakingoji kilichobaki.

Jambo moja kuhusu kodi, maana huulizwa kila ninapolizungumza hili. Katika nchi nyingi, mwenye biashara ya mtu mmoja isiyosajiliwa kama kampuni hawezi kuandika mshahara wake mwenyewe kuwa gharama mbele ya mamlaka ya kodi. Hela anazochukua huhesabiwa kuwa ni sehemu ya faida yake aliyojichukulia. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, hivyo inaweza kumwajiri hata mwenye hisa zake zote. Kwa hiyo fomu ya kodi inaweza kusema faida ya fundi ni 30, na kwa kazi ya fomu hiyo ni sawa. Daftari la kuendeshea biashara linajibu swali lingine: je, biashara hii inamlipa kila anayeifanyia kazi, na bado inabaki na kitu? Hayo ni maswali mawili, na jibu la moja halifuti la lingine.

Sidai kwamba kila mtu aanze kujilipa kiasi kizima kesho. Biashara changa mara nyingi haiwezi. Ikiwa inaweza kukulipa nusu, andika mshahara wako mzima kuwa gharama, andika nusu uliyochukua, na nusu iliyobaki iandike kuwa biashara inadaiwa na wewe. Hapo utaona ni wewe unayeifadhili kwa mikono yako, na kwa miezi mingapi sasa. Hela za dharura ukizichota kwenye droo, ziandike zilivyo: umechukua, tarehe fulani, kiasi fulani. Hizo si mshahara wala si faida mpaka mwisho wa mwezi utakapozipanga.

Yule fundi alichukua rula, akapiga mstari mpya upande wa kulia, chini ya umeme na juu ya kijana wa pasi. Akaandika "mshahara wangu" kwa kalamu ya wino, akasita kidogo kwenye kiasi, kisha akakijaza. Nilipomuuliza tena faida ya mwezi ule, hakujibu haraka kama mara ya kwanza. Alisema, "Ngoja nitoe wangu kwanza."