Mwandiko mwembamba kwenye kadi, na herufi ŋ

Mteja akiingia ofisini kwangu Nasser Road, Kampala, kutafuta kadi za kwanjula, sherehe ya Waganda ya kujitambulisha kwa wakwe, mara nyingi huwa ameshachagua fonti kwenye simu: ule mwandiko mwembamba, ulioinama, wenye mikia mirefu. Simlaumu, hata mimi naupenda mno.

Asili yake ni kalamu ya nibu yenye ncha kali. Mkono ukishuka kwa kukandamiza, nibu hufunguka na mstari hunenepa. Ukipanda kwa wepesi, unabaki uzi tu. Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa Uingereza, aliandika hivyo, na katika miaka ya 1960 Matthew Carter akaufuata mwandiko wake kuchora fonti ya Snell Roundhand. Zamani herufi za kuchapia zilimiminwa kwa madini ya risasi, na zilizoinama zilikuwa taabu kuunganisha. Uchapaji wa kutumia picha ndio ulioruhusu mkia wa herufi moja uingie kwa jirani yake bila kukatika.

Uzi ule ndio uzuri wote, na ndio unaopotea mashineni. Niliwahi kuchapa kadi za rangi ya damu ya mzee, maandishi meupe, hata namba ya simu kwa mwandiko huohuo, kwa ukubwa wa pointi 11. Ile rangi ilitokana na wino kadhaa zilizolaliana, na mmoja ukisogea unywele tu, uzi mweupe unazibwa. Majina yalisomeka kwa kuwa yalikuwa makubwa, namba haikusomeka. Nilizichapa upya zote kwa fedha zangu. Sasa mwandiko huu nauwekea majina ya wachumba wawili na labda neno la kukaribisha, si chini ya pointi 24. Tarehe, mahali na simu huenda kwa fonti nyoofu. Jina lote kwa herufi kubwa, hapana: mikia hugongana. Nafasi kati ya herufi nayo usiipanue, viungo vitaachana.

Ila fonti mpya naipima kwanza kwa ŋ, herufi ya sauti ya ng'. Luganda inaihitaji, na kwenye kwanjula koo hutajwa, zikiwemo Eŋŋaali, korongo mwenye taji, na Eŋŋonge, fisimaji. Fonti nyingi za namna hii hazina herufi hiyo. Kompyuta huiazima kwingine kimyakimya, na katikati ya mwandiko unaotiririka zinasimama ŋ mbili nene, wima kama vigingi.

Wapo wanaoandika ng' wakaendelea na kazi. Mimi sikubali; huo ni ukoo wa mtu, tena siku ya kujitambulisha kwa wakwe. Nachukua n ya fonti ileile, naurefusha mguu wake wa kulia, naupinda kama mkia wa j, nikichunga wembamba ufanane. Kisha natoa nakala moja kwenye karatasi ileile ya kadi, kwa ukubwa uleule, nampa mteja aishike na kunisomea ukoo wake kwa sauti.