Kuzungusha hewa si kupitisha hewa

Katika kikao kimoja cha wazazi hapa Tabora, vumbi la kiangazi likiwa limetufanya tufunge madirisha yote, mama mmoja aliomba walau dirisha moja lifunguliwe kwa sababu watu walikuwa wakikohoa, naye mwenyekiti akamjibu kwamba hapana haja, kwani pangaboi limewashwa na "mzunguko wa hewa upo". Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno.

Upitishaji wa hewa ni kuitoa hewa ya ndani na kuingiza ya nje, basi. Virusi vya surua na vya korona hutoka na pumzi katika chembe ndogo mno zinazoelea, na vile vya surua huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu aliyemo katika majengo yasiyo ya tiba.

Kinachozungushwa hurudi kilikotoka, ilhali kinachopitishwa huingia upande huu na kutokea upande ule. Jina pangaboi lenyewe lingetosha kutuonya: asili yake ni panka, neno la Kihindi la kifaa cha kupepea, na "boi", yaani mtumishi aliyekaa akivuta kamba ili kitambaa kilichoning'inizwa darini kiwapepee mabwana wa Kiingereza. Mtumishi yule aliwakausha watu jasho, lakini hewa aliyoisukuma ilikuwa ile ile iliyokuwamo chumbani. Pangaboi la umeme halijaongeza kazi nyingine: katika chumba kilichofungwa huipunguza pumzi ya mgonjwa pale alipoketi kwa kuisambaza hadi viti vya nyuma. Viyoyozi vingi vya ukutani navyo hupoza hewa hiyo hiyo na kuirudisha, ingawa baridi yake huwafanya watu waamini kwamba ni mpya.

Mama yule hakulikataa pangaboi. Liendelee kuzunguka, ila madirisha mawili yanayotazamana yaachwe wazi, hata kwa kiasi, na nyavu za mbu zilizoziba kwa vumbi zipigwe brashi kwanza. Hapo mwenyekiti atakuwa na haki ya kutuambia kwamba hewa inapita.