Hapana, hawasimami chini ya bwawa

Kila Olimpiki ikifika utasikia tu, ah wale madada wa kuogelea kwa kucheza, wanaofuata muziki majini, mbona rahisi, si wamesimama chini wanarusha mikono. Jamani hapana. Hebu mchukue Svetlana Romashina wa Urusi, ana dhahabu 7 za Olimpiki, alianza Beijing 2008 na timu, London 2012 mbili, Rio 2016 mbili, halafu Tokyo mbili tena, na hapo katikati kazaa mtoto akarudi majini, na hizo zote hakuzipata kwa kusimama popote. Bwawa lenyewe refu kwenda chini, sehemu kubwa kama mita 3 hivi, utasimamaje? Na sheria inakataza, ukijisukuma kwa sakafu unakatwa pointi. Kinachowashikilia juu ni miguu, inazunguka kwa kupishana, huu huku ule kule, kama kile kifaa cha kupigia mayai, bila kupumzika. Wakiwa kichwa chini miguu hewani basi kazi ni ya viganja, vinakata maji kwenda na kurudi, pumzi wameibana, na puani kile kibanio. Alafu bado watabasamu, eti.